Mzazi Akizimwa, Mtoto Yu Hai? Hali Mbili za Vitu katika Michezo ya Kompyuta

Watu wengi huitazama michezo ya kompyuta kama upuuzi wa kupotezea wakati. Hata hivyo, mtu anayejaribu kuutunga mchezo mmoja, hata ulio mdogo, hugundua upesi kwamba ndani yake mna hisabati, fizikia na mantiki tele. Katika makala haya tutachunguza swali moja tu la mantiki ambalo huwakwaza watunzi wengi wanaoanza, nalo ni hili: tutajuaje kama kitu kilicho chini ya kitu kingine kinafanya kazi au kimezimwa? Swali hili laonekana jepesi. Tutaona kwamba kwa kweli ni maswali mawili yaliyovaa vazi moja, na kwamba anayeyachanganya hupata jibu sahihi la swali ambalo hakuliuliza.

1. Mchezo wa maembe

Miaka michache iliyopita wanafunzi watatu wa mwaka wa pili waliniletea mchezo walioutunga kwa ajili ya maonyesho ya idara. Ndani ya mchezo huo mna shamba lenye miembe, na kila mwembe una maembe matano. Mchezaji huzunguka shambani akichuma maembe huku akiwakwepa mbwa wa ulinzi. Yakiisha maembe yote, maandishi makubwa hutokea kwenye kioo: "Umeshinda". Nje ya shamba kuna kijiji chenye kisima na ghala. Mchezaji akienda kijijini, shamba zima huzimwa ili kompyuta isijichoshe kwa kuchora miti isiyoonekana.

Wanafunzi hao walikuwa wameujaribu mchezo wao mara nyingi bila kuona kasoro. Siku ya maonyesho mgeni mmoja aliketi mbele ya kompyuta, na badala ya kuingia shambani, aligeuka akaelekea kisimani. Papo hapo kioo kikaandika "Umeshinda". Mgeni alikuwa hajachuma hata embe moja. Watu walicheka, lakini wale vijana watatu hawakucheka, kwani alama zao za muhula zilitegemea kazi hiyo. Nami nakiri kwamba ilinichukua zaidi ya saa moja kuliona kosa, ingawa lilikuwa neno moja tu katika mstari mmoja.

Ili tulielewe kosa hilo, yatupasa kwanza tujue jinsi vitu vinavyopangwa ndani ya mchezo.

2. Vitu na ukoo wake

Injini nyingi za kutungia michezo huvipanga vitu kwa mfano wa ukoo. Kitu kimoja huwa mzazi, na vilivyo chini yake huwa watoto. Hao nao waweza kuwa na watoto wao. Katika mchezo wetu, shamba ni mzazi wa miembe, na kila mwembe ni mzazi wa maembe yake. Kwa hiyo shamba ni babu wa kila embe.

Mpangilio huu una faida kubwa. Mtunzi akiusogeza mwembe hatua mbili kulia, maembe yake husogea pamoja nao bila kuamriwa moja moja. Akiupunguza ukubwa wake, nayo hupungua. Hali kadhalika, akiuzima mwembe, maembe yote hutoweka pamoja nao. Maana ya kuzimwa hapa ni kwamba kitu hakichorwi kwenye kioo, hakigongani na vitu vingine, na programu zilizofungwa juu yake haziendeshwi fremu kwa fremu. Hata hivyo, kitu chenyewe hakijafutwa: kimo bado katika kumbukumbu ya kompyuta kikingoja kuwashwa tena.

Katika mchezo wa wale vijana, embe likichumwa huzimwa. Basi kuhesabu maembe yaliyobaki ni kuhesabu maembe ambayo hayajazimwa. Hapo ndipo swali letu linapozaliwa. Shamba likizimwa, je, embe ambalo halijachumwa limezimwa au halijazimwa?

3. Mfano wa nyumba yenye umeme

Jibu twaweza kulipata nyumbani. Fikiria nyumba yenye umeme. Karibu na mita pana swichi kuu, na kila chumba kina swichi yake. Taa ya sebuleni imewashwa, na taa ya stoo imezimwa. Mtu akizima swichi kuu, taa ya sebuleni hufa. Lakini tazama swichi ya sebuleni ukutani: haikuguswa na mtu, na bado iko upande wa kuwasha.

Kwa hiyo, juu ya taa moja twaweza kuuliza maswali mawili:

(a) Je, swichi ya taa hii imewashwa?
(b) Je, taa hii inatoa mwanga?

Swali la kwanza lahusu hali binafsi ya taa. La pili lahusu hali yake halisi, ambayo hutegemea swichi yake pamoja na swichi zote zilizo juu yake. Wakati swichi kuu imezimwa, jibu la (a) kwa taa ya sebuleni ni "ndiyo", na jibu la (b) ni "hapana". Majibu yote mawili ni ya kweli.

Sasa swichi kuu ikiwashwa tena, taa ya sebuleni hurudi kuwaka, na ya stoo hubaki gizani kama ilivyokuwa. Hakuna aliyepita chumba hadi chumba kukumbusha taa ipi iwake na ipi isiwake. Swichi za vyumbani zenyewe ndizo kumbukumbu. Hiyo ndiyo faida ya kuziweka hali hizi mbili mbalimbali.

4. Kanuni yenyewe

Mwaka 1854 mwanahisabati Mwingereza George Boole alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba hoja za mantiki zaweza kushughulikiwa kwa alama kama zile za aljebra. Tumfuate. Tuseme 1 maana yake ni "imewashwa" na 0 maana yake ni "imezimwa". Tuandike b kwa hali binafsi na h kwa hali halisi. Kanuni ni hii:

h ya mtoto = b ya mtoto × h ya mzazi

Kwa kitu kisicho na mzazi, h ni sawa na b. Tukiitumia kanuni hii kwa embe, kisha kwa mwembe, twapata:

h(embe) = b(embe) × b(mwembe) × b(shamba)

Kwa kuwa sifuri ikizidishwa kwa namba yoyote huleta sifuri, mzazi mmoja aliyezimwa, hata akiwa mbali kiasi gani katika ukoo, yatosha kumzima kila aliye chini yake. Jedwali lifuatalo laonyesha hali zote kwa mwembe na embe, shamba likiwa limewashwa.

Jedwali la 1

b(mwembe)   b(embe)   h(embe)
1           1         1
1           0         0
0           1         0
0           0         0

Tazama mistari miwili ya mwisho. Katika yote miwili h ya embe ni 0, lakini katika mmoja embe halijachumwa na katika mwingine limechumwa. Anayetazama h peke yake hawezi kuitofautisha mistari hiyo.

Twaweza hata kupima ni habari kiasi gani inayopotea. Shamba moja, mwembe mmoja na maembe matano ni vitu saba. Kila kimoja kina swichi yenye hali mbili, kwa hiyo swichi hizo zaweza kupangwa kwa njia 2⁷, yaani 128. Je, hali halisi zinazoweza kutokea ni ngapi? Shamba likizimwa, vyote vimezimwa: hiyo ni sura moja. Shamba likiwashwa na mwembe ukizimwa: ni sura nyingine moja. Vyote viwili vikiwashwa, maembe matano yaweza kuwa na sura 2⁵, yaani 32. Jumla ni sura 34 tu. Mipango 128 ya swichi inaonekana kwa nje kama sura 34. Kutoka kwenye swichi twaweza kuijua sura daima, lakini kutoka kwenye sura hatuwezi daima kuzijua swichi.

5. Jinsi ya kuuliza katika programu

Tutumie mfano wa Unity, injini inayojulikana sana, ambayo ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2005 na kampuni ndogo ya Copenhagen, nchini Denmark. Programu zake huandikwa kwa lugha ya C#. Katika Unity kila kitu kina sifa mbili zinazolingana na b na h zetu. Hali binafsi huitwa activeSelf, na hali halisi huitwa activeInHierarchy. Sifa zote mbili ni za kusomwa tu. Anayetaka kuibadili swichi hutumia amri ya SetActive, nayo hubadili hali binafsi ya kitu hicho peke yake.

Kuhesabu maembe ambayo hayajachumwa juu ya mwembe mmoja, twaandika hivi:

int MaembeYaliyobaki(Transform mwembe)
{
    int idadi = 0;
    foreach (Transform embe in mwembe)
    {
        if (embe.gameObject.activeSelf)
            idadi = idadi + 1;
    }
    return idadi;
}

Maelezo yake ni mafupi. Kijiprogramu hiki hupewa mwembe. Huanza kwa kuweka idadi kuwa sifuri. Kisha huwapitia watoto wote wa mwembe mmoja baada ya mwingine, waliowashwa na waliozimwa, na kila anapoonekana aliye na swichi iliyowashwa, idadi huongezwa moja. Mwishowe hurudisha jumla.

Wale vijana watatu waliandika activeInHierarchy mahali pa activeSelf. Maadamu mchezaji yumo shambani, sifa hizi mbili hutoa jibu lile lile, na ndiyo maana kosa halikuonekana katika majaribio yao yote. Mchezaji alipotoka, shamba lilizimwa, h ya kila embe ikawa 0, na programu ya msimamizi, iliyokuwa nje ya shamba, ikahesabu maembe sifuri. Kwa mantiki yake, mchezo ulikuwa umekwisha.

Walipolielewa hilo, vijana walifanya jambo ambalo wengi wetu tungelifanya: walibadili kila mahali activeInHierarchy ikawa activeSelf. Kosa la kwanza likaondoka, na la pili likazaliwa. Mlango wa ghala kule kijijini hufunguka pale tu ambapo hakuna mbwa anayeweza kumfikia mchezaji. Programu sasa ilihesabu mbwa kwa swichi zao binafsi. Mbwa wa shambani walikuwa wamelala pamoja na shamba lao, lakini swichi zao zilikuwa zimewashwa. Basi mlango wa ghala haukufunguka kamwe.

Funzo ni kwamba hakuna sifa iliyo bora kuliko mwenzake. Yatupasa kuliweka swali wazi kabla ya kuandika. Swali juu ya maembe lilikuwa: "Je, embe hili limekwisha chumwa?" Hilo lauliza habari za embe lenyewe, na jibu lake li katika hali binafsi. Swali juu ya mbwa lilikuwa: "Je, mbwa huyu anaweza kuuma sasa hivi?" Hilo lauliza kinachotokea mchezoni, na jibu lake li katika hali halisi.

6. Mambo yalivyokuwa kabla ya mwaka 2012

Yafaa kujua kwamba mpango huu haukuwako katika Unity tangu mwanzo. Kabla ya toleo la 4.0, lililotoka Novemba 2012, kumzima mzazi hakukuwazima watoto. Aliyetaka kuuzima ukoo mzima alitumia amri iliyoshuka kutoka kitu hadi kitu ikizima kila swichi. Ni sawa na mtu asiyekuwa na swichi kuu, ambaye hulazimika kupita kila chumba.

Ubaya wake ulionekana wakati wa kuwasha. Amri ile ile iliposhuka tena ikiwasha, iliwasha kila kitu, hata vile vilivyokuwa vimezimwa kwa makusudi. Taa ya stoo nayo iliwaka. Katika mchezo wetu, maembe yaliyokwisha chumwa yangerudi mtini. Kumbukumbu ilikuwa imefutwa, kwa sababu swichi moja ilitumiwa kujibu maswali mawili. Kuanzia toleo hilo la 2012, maswali yalitenganishwa, na kila moja likapewa jina lake.

Unity si peke yake. Katika injini ya Godot, iliyoanzia Argentina na ambayo msimbo wake uliwekwa wazi kwa watu wote mwaka 2014, kuonekana kwa kitu nako kuna pande mbili: sifa ya visible kwa kitu chenyewe, na swali is_visible_in_tree() kwa kitu pamoja na wazee wake. Majina ni mbalimbali, lakini mantiki ni ile ile.

7. Mitego mingine

Mtunzi anayejua kanuni yetu ataitambua mitego ifuatayo.

Kwanza, sifa iitwayo childCount hutoa idadi ya watoto wote, waliowashwa na waliozimwa. Isitumiwe kama idadi ya waliobaki. Tena huhesabu watoto tu, wala si wajukuu. Ikiwa maembe yametundikwa chini ya matawi, na matawi chini ya mwembe, kijiprogramu chetu cha hapo juu kitahesabu matawi.

Pili, kumwasha mtoto hakumwashi mzazi. Ukiamuru SetActive(true) kwa embe la mwembe uliozimwa, swichi ya embe itawashwa, lakini embe halitaonekana mpaka mwembe wenyewe uwashwe.

Tatu, kitu kilichozimwa hakiwezi kujiamsha kwa programu yake ya kila fremu, kwa sababu programu hiyo haiendeshwi. Sharti aamshwe na mwingine aliye macho. Isitoshe, amri ya GameObject.Find haivioni vitu vilivyolala. Basi anayetaka kumwamsha mtu baadaye na amshike mkono mapema, yaani aweke rejeo lake mahali pa salama kabla hajazimwa.

Nne, na huu ndio mtego wa siri kuliko yote. Mtunzi mwenye busara ataona kwamba si lazima kuhesabu katika kila fremu. Shamba lenye miembe 200, kila mmoja na maembe matano, kwa fremu 60 kwa sekunde, huhitaji ukaguzi 60,000 kila sekunde. Yafaa zaidi kuweka hesabu moja na kuipunguza kila embe linapochumwa. Fikira hii ni nzuri. Lakini wengine huiweka kazi ya kupunguza ndani ya OnDisable, kijiprogramu kinachoitwa kila kitu kinapozimwa. Hicho huitwa pia pale mzazi anapozimwa. Mchezaji akienda kisimani, kila embe litaipunguza hesabu, nasi tumerudi palepale tulipoanzia.

Dawa ni kuipunguza hesabu ndani ya tendo la kuchuma lenyewe. Bora zaidi, embe liwe na alama yake ya kumbukumbu isemayo "limechumwa", iliyo mbali kabisa na swichi ya kuonekana. Kuchumwa ni jambo la kanuni za mchezo, na kuonekana ni jambo la picha. Wale vijana walimaliza kazi yao kwa njia hiyo, na mchezo wao ulisimama imara.

8. Kwa walimu: funzo bila kompyuta

Shule isiyo na kompyuta yaweza kulifundisha jambo hili kwa dakika 20. Wachague wanafunzi wanane. Mmoja awe shamba, wawili wawe miembe, na watano wawe maembe, kila mmoja akijua mzazi wake ni nani. Kila mwanafunzi apewe karatasi yenye 1 upande mmoja na 0 upande wa pili. Kanuni ni moja: simama ikiwa karatasi yako yaonyesha 1 na mzazi wako amesimama, la sivyo, keti. Aliye shamba hutazama karatasi yake tu.

Sasa mwalimu na aamuru mwembe mmoja ageuze karatasi yake. Maembe yake yataketi, lakini karatasi zao hazitageuzwa. Darasa lihesabu mara mbili: karatasi ngapi zaonyesha 1, na watu wangapi wamesimama? Kisha mwembe ageuze tena, na wote watazame ni nani anayesimama na ni nani anayebaki ameketi. Nimeliona zoezi hili likieleweka na wanafunzi ambao hawajawahi kuandika mstari mmoja wa programu.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba kitu kilicho chini ya kingine kina hali mbili: hali binafsi, ambayo ni swichi yake mwenyewe, na hali halisi, ambayo ni zao la swichi yake na za wazee wake wote. Tumeona pia kwamba hali hizi hulingana muda mwingi, na kwamba kulingana huko ndiko kunakolificha kosa. Kwa hiyo, anayeujaribu mchezo wake na aujaribu hasa pale ambapo hali hizo hutengana: mzazi akiwa amezimwa na mtoto akiwa amewashwa. Mgeni wa maonyesho atafika hapo siku moja, nasi ni heri tuwe tumetangulia.

Mazoezi

1. Shamba limewashwa na mwembe umezimwa. Swichi ya embe la kwanza imewashwa, na ya embe la pili imezimwa. Taja hali binafsi na hali halisi ya kila embe.

2. Kapu lina matunda matatu. Swichi za kapu na matunda zaweza kupangwa kwa njia ngapi? Hali halisi zinazoweza kutokea ni ngapi?

3. Kwa kila swali lifuatalo, sema ni hali ipi ya kutazama, na kwa nini: (a) Je, taa hii inamulika njia ya mchezaji sasa? (b) Mchezo unapohifadhiwa ili uendelezwe kesho, ni milango ipi ambayo mchezaji alikwisha iondoa?

4. Onyesha kwa kutumia kanuni ya sehemu ya 4 kwamba ikiwa h ya mtoto ni 1, basi h ya kila mzee wake ni 1. Je, kinyume chake ni kweli?

Majibu ya 1 na 2: (1) Embe la kwanza: b = 1, h = 0. Embe la pili: b = 0, h = 0. (2) Njia 16. Hali halisi 9.